Zamu ya Mchana

Hao wanaosema mtoto akishiba mama hupumzika hawakukaa chumba kimoja na Severa. Mwanawe Isidori alikuwa ameshiba, na yeye hakuwa amemnyonyesha.

Alijilaza mchana, jua likiwa utosini, akaota mgeni amebisha hodi naye akamkaribisha. Alipoamka hakuona mgeni yeyote. Maziwa yalikuwa yamejaa hadi kifua kinauma, akamnyanyua mtoto amnyonyeshe. Mtoto akageuza uso. Akacheua kidogo, na pembeni mwa mdomo pakabaki tone zito la rangi ya manjano. Severa akalifuta kwa kidole, akalinusa. Lilinuka dawa ya kudekia wodini, na ndani yake udongo mbichi.

Uzazi si lelemama, lakini wa Severa ulipita kiasi. Siku mbili za uchungu, kifafa cha mimba kikamwangusha, damu ikamwagika, akapasuliwa hajui kama yuko duniani au ahera. Alipozinduka, muuguzi alimwekea kifuani kitu kilichofungwa khanga, akamwambia, "Ni wako." Kilio cha kwanza cha mwanawe hakukisikia. Alikuwa mama kwa kuambiwa. Na tangu hapo alikuwa na hofu moja ambayo hata padri hakumwambia: kwamba mtoto yule angemtoka vilevile alivyokuja, yeye akiwa amelala.

Akajikongoja hadi barazani. Bi Zamzam, mwenye nyumba, alikuwa hapo akisuka ukili. Nyumba yake ilikuwa Mtaa wa Narung'ombe, vyumba sita na ukumbi katikati, na hakupita hata paka asimwone.

"Shikamoo, Bi Zamzam."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeinuka? Kidonda kitafumuka hicho."

"Nani ameingia kwangu?"

"Nani aingie saa hizi? Mtaa mzima uko kwenye foleni ya sukari." Bibi akacheka, akaonyesha kizingitini kwa kidole cha mguu. "Labda mwenye hili. Au umeanza kugawa sukari hukuniambia?"

Pale chini palikuwa na jiwe. Miaka ile ya bidhaa adimu kila mtu aliyajua mawe ya namna hiyo. Unafika duka la ushirika alfajiri, unaweka jiwe lako kwenye mstari, unaenda zako kwenye shughuli nyingine. Jiwe linakushikia zamu, na ole wake atakayeliruka. Hili lilikuwa kipande cha tumbawe kilichofungwa uzi mweusi. Severa hakuipenda ile rangi ya uzi. Akalisukuma kwa mguu hadi mtaroni, akarudi ndani.

Siku ya pili aliapa hatalala. Lakini jua lilipofika utosini usingizi ulimjia kama mtu anayemfunika uso kwa shuka, na humo usingizini akasikia tena hodi, naye akajibu karibu, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. Kisha akasikia mtoto akinyonya. Alinyonya kwa pupa, akimeza, akihema kwa pua, na juu yake mtu alikuwa akivumisha wimbo wa kubembeleza usio na maneno. Severa alitaka kufumbua macho, macho yakakataa. Alipoweza kuinuka, Isidori alikuwa palepale kitandani, tumbo limejaa. Kigoda kilichokaa siku zote chini ya dirisha kilikuwa kando ya kitanda. Akakigusa. Kilikuwa na joto.

Na jiwe lilikuwa ukumbini, limegusa pazia la chumba chake.

Siku zilizofuata mtoto alinenepa, mashavu yakamjaa, majirani wakamsifu. Severa alikonda. Maziwa yake aliyakamulia kwenye kikombe na kuyamwaga. Kila alipompakata, mtoto alilia. Jua likikaribia utosini alinyamaza mwenyewe, akageuza shingo yake changa, akatazama pazia. Severa aliona wivu na hofu kwa pamoja, na hakujua kipi kinamuuma zaidi.

Mumewe Tarsis, aliyekuwa na meza ya vitunguu kule shimoni, chini ya soko la Kariakoo, alikuwa akitoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo hakuwa ameona kitu. Siku aliyowahi kurudi, na ndizi za mtori begani, alilikuta jiwe kwenye mkeka, ndani ya chumba. Ndizi zikamponyoka.

"Limefikaje hapa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Unalijua?"

Tarsis akaketi chini. "Mama Isidori, usiku ule hospitalini daktari alikuwa mmoja, na mbele yako kulikuwa na mwanamke mmoja, peke yake kwenye benchi, kajifunika buibui, hana ndugu wala mzigo, ila hili jiwe kaliweka ubavuni. Wewe ulikuwa unakauka mikononi mwangu. Nikampigia magoti. Nikamwambia, dada, nipishe, mke wangu anakufa. Akaniuliza, nikikupisha hapa, na wewe utanipisha kwako? Nikasema nitakupisha. Ningesema lolote. Asubuhi nikamtafuta nimshukuru, muuguzi akaniambia benchi lile halikuwa na mtu usiku kucha."

Severa alimtazama. Alitaka kumpiga, na alitaka kumshukuru.

Bi Zamzam ndiye aliyemwita Mwinyimvua kutoka Ilala, mganga mwembamba mwenye kikohozi. Tarsis akaitazama rozari ukutani kwa aibu. "Iache hapohapo," Mwinyimvua alisema, "haijanikera." Akalinusa jiwe, akamnusa mtoto utosini.

"Subiani," alisema. "Jini afuataye wanawake waliojifungua. Angekuwa mwizi ningemtoa kwa moshi, jioni hii hii. Lakini huyu hakuiba. Baba alimpa zamu." Akamgeukia Severa. "Na wewe, ukilala mchana, husikii hodi?"

Severa akamvutia mtoto kifuani. "Nasikia."

"Unamjibu?"

"Namkaribisha," Severa alisema, akaanza kulia.

"Nani asingekaribisha? Ndiyo mlango wake huo, adabu yenu. Kesho usilale. Mnyonyeshe mwanao wewe. Atabisha, usimjibu, hata aje na sauti ya nani. Alasiri ikiadhiniwa, zamu yake imepita. Wewe baba usiwepo, neno lako limeshakwenda."

Kesho yake Mwinyimvua alifukiza ubani mlangoni, akaketi barazani na Bi Zamzam. Severa alibaki peke yake. Jua lilipofika utosini kelele za Kariakoo zilififia, matoroli, wauza kahawa, redio ya jirani, kimoja baada ya kingine, na usingizi ukaanza kumshukia. Akakibonyeza kidonda chake kwa kidole gumba hadi machozi yakamtoka, na usingizi ukarudi nyuma.

"Hodi," ilisema sauti ya Bi Zamzam, nyuma ya pazia.

Severa akamsogeza mtoto kifuani. Mtoto akakaza midomo.

"Hodi, mama Isidori, nimesahau ufunguo wa meza," ilisema sauti ya Tarsis, na ilikuwa na ule mkwaruzo wake wa vumbi la vitunguu, na Severa akalishika shuka kwa meno asije akajibu, kwa sababu huenda kweli alikuwa Tarsis, mtu asiyeambilika, na harufu ya dawa ya wodini ilikuwa imeanza kupenya chini ya pazia na kutambaa mkekani.

Kisha ikaja sauti ya mama yake mzazi, aliyekuwa mbali, kijijini Kilema, ambaye Severa alimngojea tangu siku ya kujifungua. "Severa mwanangu, nimefika, mzigo umenivunja mgongo, hutaniambia karibu?" Severa akalia bila sauti, kidole kimezama kidondani, damu inalowesha khanga, na bado alinyamaza, na mle kimyani sauti ikaacha kuwa ya mtu anayemjua, ikawa ya mwanamke tu, aliyechoka.

"Mimi nilikupisha, Severa. Ulikuwa wa pili, mimi wa kwanza. Ningekataa, ungezikwa wewe na huyo. Sikukataa. Nami nataka kumshika tu, kidogo, mchana tu, jioni awe wako, nawe hujui hata alivyolia alipozaliwa, mimi najua, nilikuwepo, nikuonyeshe alivyolia?"

Na nyuma ya pazia kikalia kichanga, kilio chembamba cha kwanza kabisa cha Isidori, kile ambacho mama yake hakuwahi kukisikia. Severa alikitambua. Mwili wake wote ulikitambua, maziwa yakabubujika yenyewe, yakamlowesha mtoto usoni, na Isidori akafumbua mdomo, akanyonya.

Akanyonya hadi muadhini alipoita.

Jiwe halikuonekana tena. Harufu ikaisha. Tarsis alimshukuru Mungu kanisani na Mwinyimvua kwa jogoo, na Severa akajifunza kulala. Ila tangu siku ile neno karibu halikutamkwa chumbani mwao. Mgeni akibisha, Severa alitoka mwenyewe akafunua pazia. Majirani wakamsema, Mchaga huyu ana maringo. Bi Zamzam akawajibu mgeni njoo mwenyeji apone si kwa kila mgeni, akakataa kueleza zaidi.

Isidori alitimiza miezi kumi. Alitambaa, alivuta vitu, lakini hakuwa ametamka neno lolote. Mchana mmoja Severa alikuwa amempakata, ananyonya, na redio ya jirani ikafifia.

"Hodi," ilisema sauti iliyochoka.

Severa akafumba mdomo, akambana mtoto kifuani kwa nguvu zake zote. Isidori akaliachia ziwa, akageuza shingo, akatazama pazia, akatabasamu.

"Karibu," alisema, vizuri kabisa, kama mtu mzima.

Pazia likafunuka.