Kengele Aliyoizima Kidomo

Kila alasiri akitoka shule, Kidomo alipitia zahanati ambako mama yake aligawa dawa. Waliomwita jina hilo hawakukosea: mtoto alikuwa na maneno, hata wagonjwa walisahau maumivu wakacheka. Akimaliza kazi za shule, aliruhusiwa kusoma kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma. Kusoma tu.

Siku moja akapakua mchezo wa magari. Programu ya ulinzi ikalia kengele na kuandika kwa maandishi mekundu: "Kuna mgeni anajaribu kuingia." Kidomo akabonyeza "Ruhusu". Ikalia tena. Akaona inamkatizia uhondo, akaizima kabisa.

Kesho yake alikuta foleni imefika nje. Kompyuta zote zilikuwa zimegoma, taarifa za wagonjwa hazifunguki, na mama mmoja alikuwa akimbembeleza mtoto anayekohoa.

"Kuna mwizi kaingia humu kwa mtandao," fundi wa kompyuta alisema, jasho likimtoka. "Ajabu ni kwamba kengele haikulia."

Daktari mkuu akamgeukia karani mpya. "Wewe ndiye uliyefunga ofisi jana. Kama umeichezea kengele hiyo, kazi huna!"

"Sijagusa kitu, mzee, nakuapia!"

Kidomo alimtazama karani. Karani huyo ndiye aliyekuwa akimsaidia hesabu. Aibu ilimshika hadi masikio yakawaka moto, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Ni mimi," akasema huku akilia. "Nilipakua mchezo. Kengele ililia, nikaizima."

Mama yake aliinamisha uso, na hilo lilimuuma Kidomo kuliko kofi.

Fundi alipojua mwizi alikopitia, alikata mtandao, akaufuta mchezo, akarudisha taarifa kutoka kwenye nakala za akiba. Jioni foleni ikasogea, mtoto wa kikohozi akapata dawa. Daktari akamwomba karani radhi mbele ya watu.

"Kaka, nisamehe," Kidomo alinong'ona, macho chini.

"Yameisha, mdogo wangu. Ila siku nyingine huo mdomo utumie mapema."

Njiani mama alisema, "Mwanangu, kupakua mchezo lilikuwa kosa. Lakini kuizima kengele na kunyamaza ndiko kulikotuponza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukiona hatari, sema, hata kama umeileta wewe."

"Nitasema, mama."