Mtikisiko wa Tisini

Mtikisiko ulianza kwenye mwendo wa tisini kamili. Kwenye themanini na tisa usukani wa lori ulikuwa umetulia kama sahani mezani. Mshale ukigusa tisini, usukani ulitikisika mpaka meno ya Baba yakagongana. Hilo ndilo lililomsumbua binti yake kwanza, kabla hajaogopa chochote. Alikuwa amesomea mitambo chuo kikuu miaka minne, nyumbani wakimwita Injinia, nusu kwa fahari na nusu kwa utani, na alijua kwamba mtikisiko wa gari huja kwa hatua. Huanza kidogo kwenye themanini, hupanda, halafu mwendo ukizidi hupungua. Hauji wote kwa mkupuo, kama mtu aliyekuwa akisubiri.

"Labda limezeeka tu, kama mimi," Baba alisema akiteremka.

"Wewe hutikisiki, Baba."

"Tajiri anasema natikisika."

Hapo ndipo palipouma. Mwenye lori, ambaye madereva wote walimwita Tajiri, alikuwa amempa dereva mwingine lori lile siku nzima, na dereva yule akalirudisha akisema hakuona kitu. Basi Tajiri akaamua mwenyewe: kama si lori, ni mikono ya mzee. Ijumaa angepanda naye. Usukani ukitikisika, Baba angeshuka na kukabidhi ufunguo palepale, baada ya miaka thelathini na mmoja barabarani bila kugonga hata kuku. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Injinia alianza na mambo rahisi, kama alivyofundishwa. Alipima upepo wa matairi. Akahamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Akapeleka magurudumu kwenye mashine ya balansi, na mashine ikaonyesha sifuri kila upande. Akainua lori kwa jeki, akasogeza chaki karibu na rimu na kulizungusha gurudumu polepole. Chaki ikaacha mstari mmoja ulio sawa, rimu haikuwa imepinda. Akalishika gurudumu juu na chini akalitikisa, kisha kulia na kushoto. Beringi hazikucheza. Viungo vya usukani havikucheza. Kila alichokipima alikiandika kwenye daftari na kukiwekea alama ya vema, na Jumatano alasiri ukurasa mzima ulikuwa umejaa vema. Angefurahi kuona kosa, hata moja.

"Kesho tunapanda wote," alimwambia Baba. "Nataka kuona kwa macho yangu."

Walichagua barabara iliyonyooka, saa nne asubuhi, jua likiwa wazi na hakuna gari jingine mbele yao. Injinia aliweka chupa ya maji juu ya dashibodi, imefunguliwa, ili aone mtikisiko unaanzia wapi. Themanini. Themanini na tano. Ndipo harufu ilipoingia, ingawa vioo vyote vilikuwa wazi: harufu ya gari lililofungwa miaka mingi, vumbi la moto na kutu, na chini yake kitu kitamu kilichooza, kama maua yaliyosahaulika ndani ya maji.

"Unasikia harufu, Baba?"

"Huwa inakuja. Nilidhani ni mimi, nikabadilisha soksi."

Tisini. Usukani ukaanza, kwa nguvu ambayo Injinia hakuitarajia, na Baba akamtupia jicho la mshangao. "Leo umezidi," alisema. "Haujawahi kuwa hivi."

"Achia sekunde moja."

"Una wazimu?"

"Moja tu, Baba. Barabara ni tupu."

Baba akainua mikono. Injinia alifurahi kwa muda wa pumzi moja, kwa sababu mikono ile ya kizee ilikuwa hewani, imetulia tuli, na usukani ulikuwa ukitikisika wenyewe. Kisha akaiangalia chupa na kuona kwamba maji hayakuwa na hata kiwimbi kimoja, kwamba lori lote lilikuwa likienda laini kama linateleza, kwamba mtikisiko haukutoka kwenye magurudumu wala barabarani bali ulikuwa umekaa papo hapo kwenye usukani, na alipoinama kuutazama kwa karibu aliiona kava ya sponji, ile aliyoivalisha yeye mwenyewe, imebonyea mahali panne upande wa kulia na mahali panne upande wa kushoto, vishimo vidogo vilivyojipanga, vikizama na kuinuka, kama sponji inavyobonyea chini ya vidole vya mtu.

"Baba," alinong'ona. "Punguza mwendo."

"Umeona nini?"

"Punguza tu. Taratibu. Na usiushike hapo."

"Niushike wapi sasa, mwanangu? Usukani ni mmoja."

Mshale ukashuka hadi themanini na tisa. Sponji ikajaa tena, laini, kama haijawahi kuguswa.

Hawakurudi gereji alikofanya kazi Injinia. Baba aliliendesha lori kwa mwendo wa mguu mpaka mbele ya chumba alichofanyia kazi dada yake mkubwa. Shangazi alishona viti vya magari, na watu walimletea vitambaa vyao na pengine mambo mengine, ambayo aliyashughulikia kwa sauti ileile ya kuulizia vipimo. Alitoka nje na pini tatu mdomoni. Hakupanda. Alisimama mlangoni mwa lori, akanusa, akarudi hatua moja nyuma.

"Usukani huu mmeutoa wapi?"

Walimweleza. Miezi miwili nyuma usukani wa zamani ulipasuka, wakapata wa aina ileile kwenye uwanja wa vyuma chakavu, ndani ya lori lililokufa. Injinia ndiye aliyeufungua. Baba alikuwa na desturi yake ya miaka yote: hakutoa hata nati kwenye gari lililokufa kabla ya kuweka kiganja juu ya boneti na kuomba ruhusa kwa wenyewe. "Wenyewe akina nani?" Injinia alikuwa akimtania. "Panya?" Siku ile Baba alikwenda kununua maji ya kunywa, na binti yake hakumsubiri.

"Ulitoka kirahisi?" Shangazi aliuliza.

"Uligoma, Shangazi. Nilikaa kwenye kiti cha dereva, nikakaza magoti, nikavuta karibu nusu saa."

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu." Kisha akakumbuka. Mafundi huongea na vyuma vilivyogoma. Kila mmoja ana maneno yake, na hakuna anayeyasikia tena akishayazoea. "Nilisema tu... 'Haya, achia. Twende.'"

"Na ukaachia."

"Hapohapo."

Shangazi alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, na kuzichoma kwenye ukosi wa nguo yake. "Huyo aliyekufa akiwa ameushika amekaa pale miaka, hakuna aliyemsemesha," alisema kwa sauti ya chini, akiliangalia lori kama mtu anayechunga asisikike. "Wewe umemwambia achia, akaachia. Umemwambia twende, akaja. Ni mgeni wako, si wa mdogo wangu. Yule dereva mwingine hamjui, hana shida naye. Lakini baba yako ana damu yako. Anamtikisa akimuuliza uko wapi."

"Ndiyo maana leo umezidi," Baba alinong'ona.

"Namtoaje?" Injinia aliuliza.

"Unamrudisha ulipomchukua, unamwambia mmefika. Neno moja la ziada, umeanzisha mazungumzo."

Walifika wote watatu uwanja wa vyuma saa sita mchana, vivuli vikiwa vimeingia chini ya magari. Usukani ulitoka kwenye lori la Baba bila kuvutwa, kama kifuniko cha sufuria. Injinia aliubeba mpaka kwenye lori lililokufa. Halikuwa na vioo, majani yalikuwa yameota kupitia sakafuni, na mshale wa mwendo, ambao yeye anayeandika kila kitu hakuuona siku ile, ulikuwa umeganda kwenye tisini.

Alikaa kwenye kiti. Akaupachika usukani, akarudisha nati, akakaza kwa spana. Alipoushika kwa mikono miwili kuhakikisha umekaa sawa, harufu ikaja, na baridi ikashuka juu ya migongo ya mikono yake, kwanza kama upepo, kisha ikawa nzito, kisha ikajigawa, kidole kwa kidole, ikaingia katikati ya vidole vyake na kubana, bila hasira, kama mtu anavyomshika mwenzake aliyemkumbuka sana, na nyuma ya sikio lake kitu kikavuta pumzi kama kinachosubiri aseme, na alitaka kupiga kelele, alitaka kumwita Baba aliyekuwa hatua kumi tu kutoka pale, lakini neno moja la ziada lilikuwa mazungumzo, kwa hiyo alimeza kelele ile yote na kusema kwa sauti iliyokauka:

"Tumefika. Shuka."

Mshale ukaanguka kwenye sifuri. Mlango wa abiria, uliokuwa umeliwa na kutu mpaka ukashikana na bodi, ukalia kwa kirefu na kufunguka. Injinia akatoka upande wake, akatembea bila kugeuka.

"Umesikia mlango?" Shangazi aliuliza.

"Umefunguka."

"Na kufungwa?"

Injinia alifikiri. Alikuwa mtu wa kukumbuka mambo kwa usahihi. "Sikusikia ukifungwa."

Shangazi aliwaonyesha njia kwa mkono, na hakuna aliyesema twende.

Ijumaa Tajiri alipanda, na usukani mpya wa dukani, uliotoka kwenye boksi, ulikuwa mikononi mwa Baba. Tisini. Tisini na tano. Mia. Ulitulia kama sahani mezani.

"Kumbe lilikuwa lori," Tajiri alisema.

"Lilikuwa lori, bosi. Mimi nimebadilisha soksi bure."

Ufunguo ulibaki mfukoni mwa Baba, na jioni ile alicheka mpaka akatoa machozi.

Jumatatu Injinia alirudi kazini. Redio ya gereji ilikuwa ikiimba, mafundi wenzake wakibishana mpira, jua limejaa mlangoni. Yeye alikuwa amelala chali chini ya gari dogo, akipambana na nati iliyoshikwa na kutu. Alikuwa ameacha kuongea na vyuma. Alifunga midomo, akaweka spana, akavuta. Nati haikusogea. Akavuta tena, jasho likimwingia machoni, meno yameumana.

Harufu ya maua yaliyooza ikamfikia kabla ya kingine chochote. Halafu, karibu kabisa na sikio lake, chini ya gari palipotosha mtu mmoja tu, sauti yake mwenyewe ikanong'ona:

"Haya, achia. Twende."

Nati ikazunguka mkononi mwake, laini, bila nguvu.