Dodoso la Profesa

Kila Alhamisi baada ya shule, Pilipili alivua sare, akala, akaosha vyombo, kisha akaenda kukaa dirishani kununa. Kununa kulikuwa na saa yake maalumu, saa tisa na nusu, kwa sababu ndiyo saa aliyobisha hodi mtaalamu wa viungo kutoka zahanati.

Jina la Pilipili alipewa na baba yake kwa ajili ya hasira zake za karibu. Mdogo wake wa miaka minane aliitwa Profesa, maana maswali yake hayakuwa na mwisho. Mwaka uliopita Profesa aligongwa na pikipiki akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini mguu ulibaki mgumu na wenye maumivu. Basi mtaalamu alikuja na mpira mwekundu, kamba za mazoezi na vichekesho vyake, na mama yao, fundi cherehani, aliacha kazi zote akakaa mkekani kumpigia Profesa makofi kila alipoinua mguu.

"Mama, sketi yangu ya shule je?" Pilipili aliuliza.

"Subiri mwanangu, nimalize kaptula za mdogo wako. Zile za zamani zinambana nyonga."

Vipande vya sketi vilikuwa vimekatwa tangu mwezi uliopita, vikakaa tu chini ya kaptula. Neno "subiri" lilikuwa limemchosha Pilipili kuliko kuosha vyombo. Wivu ulimla, naye alijua kabisa kwamba ni wivu. Profesa akikohoa, nyumba nzima inageuka. Yeye akiwa wa pili darasani, anaambiwa "vizuri" na mtu ambaye macho yake yako kwenye sindano.

Jumatatu moja alifika mtafiti, mwanamke mrefu mwenye mkoba wa makaratasi. Alieleza kwamba zahanati inataka kujua watoto wanaotembelewa nyumbani wanaishije. Habari za mfupa walikuwa nazo kwenye picha za eksirei. Walichotaka ni kujua mtoto analalaje, anachezaje, anajisikiaje. Wale waliopata nafuu wangeachia nafasi zao watoto wengine waliokuwa wakisubiri.

"Dodoso lina sentensi kumi na mbili," alisema. "Kila sentensi ina visanduku vinne: kamwe, mara chache, mara nyingi, kila siku. Mtoto achague mwenyewe. Ila mama, usimsomee wewe. Watoto wakiwa mbele ya mama hujibu ya kumfurahisha mama." Akamgeukia Pilipili. "Wewe unasoma vizuri?"

"Ndiyo, anti."

"Basi msomee kama ilivyoandikwa. Usimsaidie kujibu, hata kama unadhani jibu unalijua. Nitalipitia kesho asubuhi."

Alasiri ile wawili hao waliketi sebuleni. Pilipili akasoma sentensi ya kwanza: "Nalala usiku kucha bila maumivu."

Profesa alifikiri, kidole puani. "Mara chache."

Pilipili akatia alama ya vema kwenye "kila siku."

"Ya pili. Nacheza na wenzangu."

"Mara chache. Wananiweka golini, halafu hawapigi mpira upande wangu."

Hapo kalamu ilisita. Kisha Pilipili akaikumbuka sketi, akatia vema kwenye "kila siku."

"Mbona unaandika kule pembeni?" Profesa aliuliza.

"Nenda zako ukacheze. Zilizobaki nitazijaza mwenyewe."

Profesa akatoka akichechemea. Pilipili hakusoma tena. Alishuka na kalamu tu, vema chini ya vema, zimepangika kama vifungo vya shati, zote kwenye "kila siku." Kesho yake mtafiti alilichukua dodoso na kumshukuru kwa msaada wake.

Alhamisi hakuna aliyebisha hodi. Zahanati ilikuwa imesimamisha ziara zote hadi majibu yahesabiwe, na mama alikuwa ameambiwa, lakini Pilipili hakujua. Alidhani ni kazi ya kalamu yake, na alifurahi. Tusimsingizie wema ambao hakuwa nao siku hiyo. Alivuta kiti karibu na cherehani akitarajia sasa mama ni wake. Kumbe mama alishuka mkekani kumfanyisha Profesa mazoezi mwenyewe, na kwa kuwa hakuyazoea, saa moja ikawa mbili. Sketi haikuguswa.

"Labda nimemuudhi mtaalamu," Profesa alimwambia dada yake baadaye. Pilipili akajifanya hakusikia.

Jumamosi mtafiti akarudi, dodoso mkononi.

"Mama, hapa kuna jambo," alisema. "Sentensi ya kwanza: nalala usiku kucha bila maumivu, kila siku. Ya saba: maumivu yananiamsha usiku, kila siku. Mtoto huyu kila siku analala, na kila siku halali. Jambo moja tunaliuliza mara mbili, la pili tukiligeuza, ili tujue kama mtu alisoma au alitia alama tu."

Mama akamgeukia Profesa. "Wewe na utani wako. Watu wanafanya kazi, wewe unachezea karatasi zao?"

"Sikuchezea, Mama."

"Usinijibu. Ungefutwa kwenye orodha ndiyo ungeacha mchezo."

Profesa alimtazama dada yake mara moja, akainamisha kichwa. Kwa miezi Pilipili alikuwa ameitamani siku ambayo Profesa angegombezwa na yeye asimame pembeni, safi. Siku ilifika, na moyo ukamuuma.

"Ni mimi," alisema. "Yeye alijibu mara chache. Mimi nikatia kila siku."

"Kwa nini?" mama aliuliza.

"Nilitaka mtaalamu asije tena. Akija, wewe unakuwa mama wa Profesa peke yake."

Mtafiti alitoa dodoso jipya, akamwomba mama atoke nje, akasema atasoma yeye mwenyewe. Profesa akaomba kalamu apewe dada yake.

"Anajua kutia vema vizuri," alisema.

Walikwenda sentensi moja moja. Walipofika ya kumi, mtafiti akasoma: "Nyumbani kuna mtu aliyenichoka."

Profesa alitazama juu. "Mara nyingi."

Hakuna aliyeuliza ni nani. Pilipili alitia vema pale pale alipoambiwa, machozi yakidondokea karatasi.

"Nisamehe," alimnong'oneza.

"Kwani hukunichoka?"

"Mara nyingi," Pilipili alikiri. "Lakini si kila siku."

Profesa alilipima jibu hilo, akaona linatosha.

Mtafiti alipoondoka, akiwa ameahidi ziara zitaendelea Alhamisi, mama alimwita Pilipili mkekani. Mkononi alikuwa na lile dodoso lililoharibika.

"Sasa nakusomea wewe," alisema, akasoma: "Nina mtu wa kunisikiliza."

Pilipili aliangalia vidole vyake. "Mara chache, Mama."

Mama akaiweka karatasi chini. "Hilo ni kosa langu, na nitalirekebisha. Lakini na lako ulisikie. Karatasi ile ilikuwa mdomo wa mdogo wako, nawe ukauziba. Zahanati ikidanganywa haiwezi kumtibu mtu. Kuona wivu hakukufanyi mtoto mbaya. Wivu nao unauma, na kinachouma kinasemwa. Mwenzako akiulizwa anaumwa wapi, mwache aseme mwenyewe. Na wewe ukiumwa, njoo uniambie, hata kama hujavunjika popote."