Sailensa ya Majivu

Siku Landrova ya kijiji iliponyamaza, Nikodemo alidhani imezimika. Alibonyeza stata mara ya pili, akaona boneti inatetemeka. Akashuka, akafunua. Feni ilikuwa inazunguka kwa kasi, mkanda unakwenda, moshi unatoka nyuma, na sauti hakuna. Si kwamba ilikuwa ndogo; haikuwapo kabisa. Aliweka kiganja juu ya injini, kikatetemeka kama kimewekwa kwenye ubavu wa ng'ombe aliyetoka kukimbia.

"Mura, kijana wangu, wewe ni fundi!" Mwenyekiti Wangwe alimpiga begani. "Nilisema upunguze kelele, wewe umezimaliza!"

Nikodemo akacheka, maana sifa ni tamu hata zinapokuja na wasiwasi kidogo.

Ulikuwa mwaka wa njaa, ule uliofuata Operesheni, watu walipopakiwa kwenye malori kutoka kwenye miji yao ya zamani na kupangwa kwa mistari katika kijiji kipya, upande wa Nyansurura. Mahindi yalikauka yakiwa usawa wa goti. Kijiji kikapewa kibali cha kupiga nyumbu kumi, na Landrova chakavu iliyonguruma mpaka mbwa wa kijiji cha pili wakabweka. Mara mbili wawindaji walikwenda, mara mbili wakarudi na vumbi tu. Nyumbu waliisikia ingali ng'ambo ya mto, wakatimua mbio. Ndipo Wangwe akamwita Nikodemo, aliyejifunza ufundi katika gereji moja ya Tarime, akampa siku nne.

Aliweka vipande vya tairi chini ya injini. Akashindilia magunia kwenye milango. Lakini kelele yenyewe ilikuwa ya ekzosi, bomba la kutolea moshi, na ekzosi ilitaka sailensa, na sailensa ya gari lile hata Musoma haikupatikana. Akaamua kuiunda mwenyewe: bomba lenye matundu ndani, bomba pana nje, na katikati kitu cha kumeza kelele. Alijaribu udongo, ukapasuka. Alijaribu mchanga, ukatoka wote kwa nyuma. Majivu yangefaa, lakini yawe ya zamani, mazito, yaliyoshikana, na kijiji kilikuwa kipya, hakuna jiko lililotimiza mwaka.

Akaenda kwenye mahame, ile miji iliyoachwa. Mji wa marehemu Mokami, mama yake Wangwe, ulikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu. Paa lilikuwa limeanguka, lakini mafiga matatu yalisimama vilevile, na nyuma yake rundo la majivu ya miaka hamsini. Nikodemo hakuwa mtu wa kuchezea mambo ya wazee. Alijua majivu ya mji wenye moto hayaguswi. Ila alijua pia, kama walivyojua wote aliokua nao, kwamba watu wakihama, moto ndio hubebwa kwanza, kwenye kigae, na mwenye mji au mwanawe ndiye huubeba. Moto ukishaondoka, kinachobaki ni takataka. Mokami alikuwa na mwana, na mwana huyo alikuwa mwenyekiti. Nikodemo hakuona sababu ya kuuliza. Akajaza madebe mawili, akashangaa kidogo kwamba majivu yale yalinuka moto uliozimwa kwa maji.

Wawindaji walirudi siku ya pili mchana, na nyumbu sita. Kijiji kizima kilitoka na visu na masufuria, wanawake wakapiga vigelegele. Mniko, mpiga bunduki, hakusogea. Alikaa kivulini, mikono kati ya magoti.

"Walisimama tu, Nikodemo," alisema kwa sauti ya chini. "Tuliingia katikati yao kama mtu anaingia zizini kwake. Nikapiga. Bunduki haikulia."

"Haikulia vipi, na nyama hii hapa?"

"Nyumbu alianguka. Akafungua kinywa. Na yeye hakulia." Mniko alilitazama gari, kisha akaangalia pembeni. "Mimi siendi tena."

Gari likalazwa uani kwa Nikodemo. Asubuhi yake alimwona mkewe Agustina akitwanga mtama, na ilimchukua muda kutambua kilichomsumbua: mchi ulipanda na kushuka, kinu hakikulia. Jogoo alinyoosha shingo juu ya uzio, akafungua mdomo, akaufunga. Agustina naye alikuwa ameacha kutwanga, akautazama mchi, kisha akakimbilia ndani.

Alitoka amembeba binti yao Robi, mtoto wa miezi minane, mtoto waliyempata baada ya kuzika wawili. Uso wa Robi ulikuwa umeiva, machozi yanamwagika, kinywa wazi mpaka kimeo kinaonekana.

"Baba Robi," Agustina alinong'ona. "Mtoto analia. Mtoto analia, mimi simsikii."

Wakamkimbiza hospitali ya Mugumu, daktari akamwangalia koo kwa tochi, akasema koo ni zima. Walirudi na dawa ya kikohozi. Kutwa nzima Robi alilia bila sauti, na jioni Agustina akaona jambo lililomkata maini: pumzi za mtoto zilikuwa zinapungua. Alikuwa akivuta moja, anakaa, anakaa, mpaka unataka kumtikisa, ndipo anavuta nyingine.

Nikodemo alikwenda kwenye gari kabla jua halijazama, kwa sababu moyoni alishajua. Lile gari lilikuwa halijawashwa tangu jana, lakini harufu ilikuwa inatoka chini yake, harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, nzito, ya kukaba koo. Akalala chali, akajisukuma chini, akaweka sikio kwenye bomba la sailensa ambalo lilipaswa kuwa la baridi na halikuwa la baridi, na ndani yake akasikia, kwanza kwa mbali kisha karibu, mlio wa bunduki na nyumbu wanaokoroma wakifa, akasikia jogoo wake, akasikia mchi wa mkewe ukigonga kinu, akasikia sauti ya Robi akilia, Robi wake mwenyewe, ambaye kilio chake asingekikosea hata kati ya watoto mia, na juu ya hayo yote akasikia mtu anapuliza, mtu mzima, aliyechoka, anavuta pumzi na kupuliza, anavuta na kupuliza, kama mama anavyoinamia kuni mbichi asubuhi ya mvua, na kila alipovuta, kilio cha Robi kilipungua kidogo.

Alitoka chini ya gari akitambaa, akashika nyundo.

"Usiivunje!" Agustina alimdaka mkono. "Mtoto yumo humo! Ukiipasua utampeleka wapi?"

Wakakimbilia kwa Zilpa, mganga aliyetoka upande wa Shirati, aliyekaa nyumba ya mwisho ya mstari wa mwisho. Zilpa hakupiga ramli. Alimshika Robi kifuani, akahesabu pumzi, akakunja uso.

"Majivu umetoa wapi, fundi?"

"Kwa marehemu Mokami. Mama, moto ulishahamishwa pale."

"Ulimwona aliyeuhamisha?"

"Hapana, mama." Nikodemo aliona aibu, na hasira juu ya akili yake mwenyewe.

"Huyo anayepuliza, wengine wangemwita jini, wengine mzimu," Zilpa alisema. "Mimi namwita mwenye moto. Moto wake ulizimwa, haukubebwa. Anakusanya pumzi za kuupuliza. Ameanza na sauti, maana sauti ni pumzi iliyotoka nje. Za nje zikiisha, anafuata za ndani. Huyu nyathi, huyu mtoto wenu, hana siku mbili. Aliyeuzima ndiye auwashe, pale pale, aubebe kwa mikono yake mpaka kwake. Mwingine hawezi. Mimi pia siwezi."

Asubuhi walimkuta Wangwe ofisini, anapiga mihuri karatasi za mgawo wa nyama.

"Mambo ya kishirikina hayo," alisema kabla hawajamaliza. "Watu wasirudi kwenye mahame. Ni amri. Mimi mwenyekiti ndiye niivunje?"

"Ndugu Mwenyekiti, nani aliuzima moto wa mama?" Nikodemo aliuliza.

"Toka nje."

"Wangwe, nakuomba. Nitapiga magoti." Na akapiga kweli, mtu mzima, kwenye sakafu ya udongo. "Nimezika wawili. Huyu nikimzika, sina tena kitu."

Wangwe alitazama mihuri yake. Ndipo Agustina alipofanya ambalo hakuna mwanamume angelithubutu: alizunguka meza, akamweka Robi mikononi mwa mwenyekiti, akarudi nyuma. Wangwe akabaki amemshika. Mtoto akavuta pumzi. Wakasubiri. Wakasubiri mpaka Wangwe mwenyewe akaanza kumtikisa, macho yamemtoka, na pumzi ya pili ikaja nyembamba kama uzi.

"Mama alikumbatia mafiga," Wangwe alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Lori linapiga honi, wenzangu wananitazama. Nikasema, huyu mama ananiaibisha. Nikachukua mtungi wake mwenyewe wa maji. Ulipozimika, alifungua kinywa. Hakusema kitu. Alikaa hivyo hivyo, kinywa wazi, mpaka akafa njiani kwenye lori."

Walikwenda mchana, Wangwe mbele, Nikodemo amebeba sailensa begani, Agustina na mtoto mgongoni. Pale kwenye mahame Nikodemo aliipasua kwa tindo. Majivu yaliyokuwa yamepitiwa na moshi wa injini siku nzima ya kuwinda yalitoka yamelowa, yanachuruzika. Wangwe akapanga kuni kavu, akapiga kiberiti. Njiti zilizimika, moja baada ya nyingine, bila upepo wowote. Akaingiwa na hofu, akalala kifudifudi mbele ya mafiga, mdomo wake ukawa unasema maneno ambayo hakuna aliyeyasikia, anasema na kupuliza, anasema na kupuliza, machozi yanachanganyika na majivu usoni, mpaka Agustina nyuma yao akapiga yowe lisilo na sauti kwa sababu Robi alikuwa amelegea shingo, na hapo hapo uzi wa moshi ukanyanyuka, mwali ukashika, na mlio wa bunduki ukapasuka angani ambako hapakuwa na bunduki, nyumbu wakakoroma, jogoo akawika, mchi ukagonga, na mwisho wa yote Robi akalia.

Alilia kwa sauti yake yote. Agustina alianguka chini akicheka na kulia. Wangwe aliweka makaa kwenye kigae, akayabeba mikononi mwendo wa saa nzima, viganja vinaungua, hakuyatua mpaka jikoni kwake.

Lakini Robi hakunyamaza. Alilia siku ile, akalia usiku, akalia kesho yake. Hakuwa na homa, hakuwa na njaa, titi alilisukuma. Siku ya tatu sauti ilikuwa imechanika, na wanawake wa jirani wakaanza kufanya lile linalofanywa kwa mtoto anayelia hivyo: kumwitia majina ya waliokufa, mpaka litajwe la marehemu anayetaka mtoto awe wake, na hapo mtoto hunyamaza. Waliita ya ukoo wa Nikodemo yote, wakaita ya ukoo wa Agustina yote. Robi aliendelea. Kulikuwa na jina moja ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelifungulia mdomo, kwa sababu Agustina alikuwa anawatazama mmoja mmoja.

Wangwe alifika jioni, mikono imefungwa vitambaa. Alisimama mlangoni, akasikiliza kilio kile kwa muda.

"Usiseme," Agustina alimwambia. "Nakuomba, Baba. Usiseme."

"Atakufa kwa kulia, mama."

Nikodemo alifumba macho. Alitaka kumzuia, na alitaka mtoto apumzike, na hakujua kipi alikitaka zaidi.

"Mokami," Wangwe alisema.

Robi alinyamaza. Akavuta pumzi moja ndefu, akageuza shingo taratibu, akamtazama Wangwe kama mtu anayesubiri kuelezwa jambo. Agustina akamkumbatia kwa nguvu, akamwita masikioni, Robi, Robi, Robi wangu. Mtoto hakugeuka.