Anageuka Cherehani Inapolia

Cherehani ya miguu ilinguruma tangu asubuhi. Fundi alikuwa anashona sare za shule. Binti yake wa mwaka mmoja na nusu alicheza sakafuni na vipande vya vitambaa. Mtoto huyo hakuwa ametamka hata neno moja.

"Nilikwambia usishone ukiwa na mimba," mama mkwe alisema, kwa mara ya mia. "Kelele hizi zimemharibu mjukuu wangu."

Maneno hayo yalimuuma Fundi, maana hata yeye alishaanza kuyaamini. Alishikilia jambo moja tu: kila cherehani ilipolia, mtoto aligeuka.

"Lakini anasikia, mama. Si unaona?"

Nesi, jirani yao, alikuwa amekuja kuchukua gauni lake. Akambeba mtoto, akamkalisha juu ya godoro.

"Haya Fundi, kanyaga!"

Cherehani ikanguruma. Mtoto akanyonya kidole, hana habari.

"Kumbe alikuwa anasikia kwa makalio!" Nesi alisema. "Sakafu ikitikisika, anageuka. Kesho twendeni akapimwe."

Hospitalini, mtoto alibandikwa waya ndogo kichwani akiwa usingizini. Majibu yalipotoka, Nesi aliwaeleza.

"Masikio ni mazima. Ujumbe wa sauti unakwama kwenye shina la ubongo, hapa juu kidogo ya shingo."

"Ni kelele za cherehani?" Fundi aliuliza.

"Cherehani wapi! Mtoto akiwa tumboni, mwili wake hujengwa kwa maelekezo yanayoitwa vinasaba. Ni kama karatasi zako za kukatia nguo. Vinasaba huziambia seli za shina la ubongo: ninyi mtapokea sauti, ninyi ladha, ninyi mguso wa uso. Kwa huyu, maelekezo ya seli za sauti yana kosa. Hazikujengeka sawasawa. Amerithi nakala moja yenye kosa kwako, na nyingine kwa baba yake. Ninyi mnasikia kwa sababu kila mmoja wenu ana nakala nyingine iliyo nzima."

Mama mkwe akashtuka. "Hata kwa mwanangu?"

"Hata kwa mwanao, bibi. Naye karithi kwenu. Hakuna wa kulaumiwa."

"Tumnunulie kifaa cha masikio?" Fundi aliuliza.

"Hicho hukuza sauti tu. Kwake, sauti haina pa kupita. Mfundisheni lugha ya alama, tena msichelewe. Ubongo wa mtoto unataka lugha. Ya mdomo au ya mikono, yote ni lugha."

Wakaanza kujifunza kila Jumamosi, baba, mama na bibi. Vidole vya bibi vilikuwa vigumu, lakini hakukosa hata siku moja.

Mwezi wa tatu wa mafunzo hayo, mtoto alimvuta bibi yake gauni. Akainua mikono: *Bibi. Maji.*

"Ameniita!" Mama mkwe alipiga kelele, machozi yanamtoka. "Fundi, mjukuu wangu ameniita!"

Alimnywesha maji. Kisha akamkalisha sakafuni, karibu kabisa na cherehani.

"Nisamehe, mwanangu," alimwambia Fundi. "Nilikuonea. Sasa kanyaga, mwenzio anaipenda."

Fundi akakanyaga. Mtoto akageuka, akacheka.