Sifa za Upanga wa Radi

Kila Jumatano, kabla kengele haijalia, Chiriku alikuwa ameshabandika gazeti la ukutani la darasa la sita. Chiriku ndilo jina walilompa wenzake, kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Jumatano hiyo wanafunzi walisukumana kusoma kichwa cha habari alichokiandika kwa kalamu nyekundu: UPANGA WA RADI: NIMEUCHEZA, NI MOTO WA KUOTEA MBALI!

Ukweli ni kwamba hakuwa ameugusa. Alikuwa ameona matangazo tu, na kusikia kwamba mchezo huo wa video ungezinduliwa Jumamosi katika ukumbi wa michezo ya video wa mjomba wake.

“Umeucheza kweli?” aliuliza Sumaku, rafiki yake, golikipa wa timu ya wasichana.

“Mwenye ukumbi si mjomba wangu? Mimi sipangi foleni.”

“Basi Jumamosi nitakuwa wa kwanza mlangoni.”

“Si mna mechi saa nne?”

“Golikipa wa akiba yupo. Wewe mwenyewe umesema haujapata kutokea mchezo kama huu.”

Chiriku alitaka kukiri. Neno lilimfika kwenye ncha ya ulimi, lakini macho ya darasa zima yalikuwa kwake, na utamu wa kutazamwa vile ukamshinda. Akaenda zake kwenye dawati.

Jumamosi saa tatu asubuhi mjomba alimpitisha mlango wa nyuma. “Njoo, mpwa wangu, uujaribu kabla sijafungua.”

Chiriku alishika kidhibiti kwa mikono miwili. Shujaa akatokea kwenye skrini, akainua upanga, akapiga. Upanga ukapita katikati ya adui kama unapita kwenye moshi. Maadui wenyewe walisimama tu kama nguzo za umeme. Akaingia pango la pili, likawa lilelile la kwanza lililopakwa rangi nyingine. Hatimaye shujaa akazama sakafuni hadi kiunoni, picha ikaganda. Mjomba akauwasha upya mara tatu, na mara zote tatu shujaa akazama palepale.

“Labda ni mwanzo tu,” mjomba alisema, huku akijifuta jasho kwa kitambaa.

Nje kelele zilikuwa zinaongezeka. Chiriku akachungulia dirishani. Mbele ya foleni alisimama Sumaku, glavu zake za golini zikiwa kwapani, akitazama mara mlango, mara barabara ya kwenda uwanjani. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi.

“Mjomba, niliandika gazetini kwamba nimeucheza, na kwamba ni mzuri.”

“Uliandika lini?”

“Jumatano.”

“Jumatano mchezo ulikuwa bado kwenye boksi lake.” Mjomba aliweka kitambaa chini. “Na hao wote nje wamekuja kwa neno lako?”

Chiriku aliitikia kwa kichwa. “Nikisema ukweli wataondoka. Na wewe umeshabandika mabango kila kona.”

“Mabango ni shauri langu. Mimi nakuuliza kuhusu neno lako.”

Chiriku akaweka kidhibiti chini. Akafungua mlango, akapanda kizingitini.

“Jamani, nilidanganya! Sikuwa nimeucheza. Nimeucheza leo, na ni mbovu.”

“Mwongo!” mtu akapaza sauti. Wengine wakazomea. Sumaku hakuzomea, na hilo ndilo lililomchoma Chiriku zaidi.

“Nimewaacha wenzangu kwa kitu ambacho hukukigusa?”

“Nisamehe. Kimbia, bado utawahi!”

Sumaku akageuka na kutimua mbio. Chiriku naye akamfuata, viatu mkononi.

Walifika uwanjani filimbi imeshapigwa. Mwalimu wa michezo alimtazama Sumaku kwa jicho kali, akamwonyesha benchi. Chiriku akaenda mbele yake, akaeleza yote.

“Ataingia kipindi cha pili,” mwalimu alisema mwishowe. “Lakini kuja hapa au kwenda kule aliamua mwenyewe, kwa hiyo kipindi cha kwanza atakaa.”

Timu yao ilipata sare ya bao moja. Dakika ya mwisho Sumaku aliruka, akaupangua mpira uliokuwa unaelekea kona ya juu. Baada ya mechi alisema, “Bado nina hasira na wewe.” Kisha akamkabidhi chupa ya maji wanywe wote wawili.

Chiriku aliporudi ukumbini, watoto wachache walikuwa wakicheza michezo ya zamani na kucheka. Mjomba alikuwa anaondoa bango mlangoni.

“Umepata hasara kwa ajili yangu,” Chiriku alisema.

“Wangeujua ubovu wake kabla ya adhuhuri, niseme mimi au useme wewe,” mjomba alijibu. “Sikiliza, mpwa wangu. Kusifu ni kazi rahisi, hata aliyetengeneza matangazo yale aliiweza. Lakini mtu akikuamini, huacha shughuli zake akakufuata. Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo, hakikisha unakijua unachokisema. Na ukikosea, sema palepale, hata kama wanazomea. Leo umefanya hivyo. Haya, shika upande ule wa bango, tulikunje.”