Kabla ya Kuvuka Reli

Kila siku ya shule, kabla jua halijatoka, Nayeli Oseguera alikaa kwenye kiti cha kwanza cha basi la shule, nyuma ya mgongo wa mama yake, dereva wa basi hilo. Mdogo wake Eliseo, mwenye umri wa miaka sita, alimlalia begani huku kifua kikimlia filimbi kwa pumu. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kuwaangalia. Kwa hiyo walitoka wote watatu hadi gereji ya wilaya, na watoto walisubiri ndani ya basi lenye baridi wakati mama akikagua taa, breki na matairi kwa tochi.

Januari ni mwezi wa ukungu katika mji mdogo wa wakulima wa Tres Pozos. Ukungu hutoka kwenye udongo uliolowa wa mashamba ya lozi, ukalala juu ya bonde siku nzima kama blanketi chafu. Kuna asubuhi ambazo dereva haoni zaidi ya pua ya gari lake.

"Mama, unaona kitu?" Nayeli aliuliza asubuhi moja.

"Naona mstari mweupe wa barabara. Unanitosha."

Walipofika kwenye reli, basi likiwa limeshajaa watoto, mama alilisimamisha, kama madereva wote wa mabasi ya shule wanavyotakiwa kufanya. Alizima feni ya joto, akafungua mlango, akashusha na dirisha lake, kisha akainua mkono. Basi zima likanyamaza. Hata Dariel, mwanafunzi mwenzake Nayeli, ambaye mdomo wake haukujua likizo, alinyamaza. Baridi iliingia ikawauma masikio. Mama akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule.

"Haya," alisema, na basi likavuka.

Madereva wengine walisimama hapo kwa muda mfupi tu. Mama alikawia, na hakuna mtoto aliyelalamika. Wote walijua kwamba baba yake Nayeli alifia kwenye reli hiyo, siku ya ukungu kama huo, akiwa ndani ya gari la wachuma matunda.

Shuleni, Mwalimu Lindqvist alikuwa akimsubiri Nayeli mlangoni mwa darasa. Alikuwa mwalimu kijana mwenye macho ya uchovu na moyo mkunjufu. Wilaya ilipofuta somo la muziki, yeye alinunua tarumbeta tatu kuukuu na kuwafundisha watoto saa ya chakula cha mchana. Mvua iliponyesha, yeye ndiye aliyepanga ndoo chini ya paa lililovuja.

"Nayeli, unajua tunataka shule yetu iwe shule ya mkataba," alisema. "Itabaki ya umma, wala hakuna atakayelipa ada. Lakini tutajiamulia wenyewe: masomo, matengenezo, muziki. Sheria inataka nusu ya walimu watie sahihi, na tumezipata. Alhamisi jioni bodi ya elimu ya wilaya inakuja hapa kusikiliza watu. Nataka mwanafunzi mmoja aseme, na wewe una sauti."

Alimpa karatasi iliyochapwa vizuri. Nayeli aliisoma kimyakimya. Ilizungumzia paa na muziki, na kila neno lilikuwa kweli. Kisha akafika kwenye mstari huu: *Sisi sote tunaosoma na kufanya kazi hapa tumekubaliana kwa moyo mmoja.*

"Mwalimu, na mama yangu ametia sahihi?"

Mwalimu Lindqvist alitikisa kichwa. "Sheria inataka walimu tu, mpenzi. Wapishi, wasafishaji, madereva, hao hawamo kwenye hesabu. Lakini shule ikiwa nzuri, itakuwa nzuri kwa wote."

"Na mabasi yatakuwepo?"

"Hayo yataamuliwa baadaye." Alimgusa bega. "Mambo yakienda vizuri, ile tarumbeta yenye kifuko cha bluu utakwenda nayo nyumbani. Utaipiga kila siku."

Nayeli aliitamani tarumbeta ile kuliko kitu chochote duniani. Aliikunja karatasi na kuitia mfukoni.

Jioni hiyo, gerejini, Mzee Evaristo alikuja kuomba mafuta ya bawaba. Alikuwa msafishaji wa shule tangu mama mwenyewe akiwa mwanafunzi pale.

"Ofelia, wamekuuliza chochote kuhusu huu mkataba?" alimuuliza mama.

"Mimi? Nani aniulize?"

"Basi tuko sawa. Mimi hawajaniuliza, wapishi hawajaulizwa, hata paka wa jikoni hajaulizwa, na yule ni wa kudumu kuliko sisi."

Mama alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Wakileta kampuni ya nje na madereva wake, kazi yangu imekwenda," alisema. "Na bima ya matibabu inakwenda na kazi. Huyu Eliseo nitampa dawa gani ya kuvuta?"

Nayeli alisikia yote kutoka kiti cha kwanza. Mama alipopanda, alimwambia haraka haraka, "Mama, Alhamisi nitachelewa. Tuna mazoezi ya tarumbeta."

"Sawa, mwanangu. Mimi nawapeleka wacheza mpira wa kikapu. Eliseo utakaa naye."

Ulikuwa uongo mdogo, lakini Nayeli aliubeba wiki nzima.

Alhamisi ukungu haukuondoka hata adhuhuri, na jioni ulizidi kuwa mzito. Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa chakula. Mzee Evaristo alikuwa amepanga viti, amefunga kipaza sauti na kupiga deki. Sasa alisimama ukutani karibu na mlango, mikono nyuma. Nyuma ya dirisha la jikoni wapishi walikuwa bado wanaosha masufuria.

"Mzee, wewe huzungumzi?" Nayeli alimnong'oneza.

"Mwenye kutaka kuzungumza hujaza kadi kabla mkutano haujaanza. Kadi zilifungwa nikiwa stoo nawatafutia viti." Alitabasamu kwa shida. "Viti vimetosha, mjukuu wangu. Nafasi ndiyo haikutosha."

Bi Pruitt, mwenyekiti wa bodi, alikuwa mwanamke mwenye nywele fupi za mvi na kengele ndogo mbele yake. Kila msemaji alipewa dakika mbili. Mzazi mmoja alizungumzia paa. Mwalimu mmoja alizungumzia vitabu. Mzee mmoja alipoitwa alisema koo linamsumbua, akaomba dakika zake apewe mkewe.

"Inaruhusiwa," alisema Bi Pruitt, na mkewe akasimama.

Watu walipiga makofi mara nyingi. Nayeli alitazama kifuko cha bluu kilichokuwa miguuni mwa Mwalimu Lindqvist. Eliseo alianza kukohoa, naye akampa dawa yake ya kuvuta.

"Nayeli Oseguera," akaita Bi Pruitt.

Alisimama. Wakati huohuo mlango wa nyuma ukafunguliwa, na mama akaingia. Alikuwa bado amevaa fulana yake ya kung'aa ya udereva, nywele zimelowa ukungu. Alikuja kuwachukua watoto, akasikia jina la binti yake likiitwa kwenye kipaza sauti, na uso wake ulikuwa unauliza swali.

Nayeli alitembea mpaka mbele. Akaikunjua karatasi.

"Jina langu ni Nayeli. Niko darasa la sita. Mvua ikinyesha tunasoma katikati ya ndoo. Tungependa muziki urudi." Sauti yake ilisikika vizuri, na watu wakaitikia kwa vichwa. "Sisi sote tunaosoma na... tunaosoma na kufanya kazi hapa..."

Akakwama. Wapishi walikuwa wamefunga bomba ili wamsikie. Mzee Evaristo alikuwa akitazama sakafu aliyoipiga deki.

"Soma, wee!" Dariel alimnong'oneza kutoka mstari wa mbele. Naye alikuwa mpiga tarumbeta.

"Siwezi kusoma hapa," alisema Nayeli. "Si kweli. Imeandikwa sote tumekubaliana, lakini mama yangu ni dereva wa basi na hakuulizwa. Mzee Evaristo hakuulizwa. Wapishi hawakuulizwa. Nilijua, na bado nilikubali kuja kusoma. Mama nilimwambia ninakuja kwenye mazoezi." Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke. "Dakika zangu zilizobaki nampa yeye. Inaruhusiwa?"

Ukumbi ulinong'ona. Mtu mmoja aliguna, "Mtoto amefundishwa huyu." Bi Pruitt akasema, "Inaruhusiwa."

Mama hakuwa amejiandaa. Alikuja mbele taratibu na kukishika kipaza sauti kwa mikono miwili, kama usukani.

"Mimi ni Ofelia Oseguera, naendesha basi namba tisa. Samahani, nimechelewa, ukungu ni mzito." Aliwatazama wajumbe wa bodi. "Mume wangu alikufa pale relini. Mnajua. Lakini aliyenusurika alinisimulia jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani. Honi ya treni ilisikika. Waliokaa nyuma waliisikia. Waligonga bati, waligonga sana. Dereva alikuwa mbele na redio yake, na kati yao palikuwa na ukuta wa bati. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anawahi kazini kama wote."

Akawageukia walimu.

"Mimi sisemi shule isivuke. Mtoto wangu anapenda tarumbeta, paa nalo linavuja kweli. Lakini sisi tuko nyuma ya gari hili, na huku nyuma kuna mambo tunayasikia. Watoto wa kambi za vibarua wa mashambani watafikaje bila basi? Bima ya mwanangu itakuwaje? Huenda mna majibu mazuri. Simameni, fungueni mlango, mtusikilize. Halafu vukeni."

Kengele ililia. Mama akarudi nyuma, akasimama karibu na Mzee Evaristo, kwa kuwa hapakuwa na kiti.

Mjumbe mmoja wa bodi aliwageukia walimu. "Mliwauliza wafanyakazi hawa?"

Mwalimu Lindqvist alisimama. Uso ulikuwa umemwiva. Angeweza kusema mengi, lakini alisema ukweli. "Hapana. Sheria haikutulazimisha, na sisi hatukujilazimisha. Ule mstari niliuandika mimi."

Bodi iliahirisha uamuzi hadi Machi na kuwataka walimu wakae kwanza na wafanyakazi wote wa shule.

Ndani ya basi, kabla ya kuwasha injini, mama alimgeukia Nayeli. "Ulinidanganya," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Uchungu wa uongo huo nimeusikia kuliko mambo yote ya leo. Kile ulichosema mbele za watu hakiufuti. Kitatusaidia tu kuanza upya." Akamvuta kichwa, akambusu kwenye paji la uso. "Mwezi huu mzima utafagia basi."

Nayeli alifagia basi, lakini hilo lilikuwa jambo dogo. Shuleni Dariel alimwita msaliti. "Tarumbeta yako utapiga kwa mdomo mtupu," alimwambia, na wengine wakacheka. Baadhi ya wazazi waliacha kumsalimia mama. Mwalimu Lindqvist hakumkaripia, lakini kwa siku nyingi hakuweza kumtazama machoni. Kifuko cha bluu kilibaki kabatini.

Hata hivyo vikao vilifanyika, jikoni, meza zikiwa bado na unyevu. Vingine viliisha kwa ugomvi. Mwanzoni mwa Machi bodi ilikubali shule iwe ya mkataba, kwa masharti mawili. Mabasi na madereva wangebaki chini ya wilaya pamoja na bima zao. Na katika baraza la shule mpya kungekuwa na kiti kimoja cha wafanyakazi wasio walimu, chenye kura sawa na wengine. Wenzake walimchagua mama.

Si kila kitu kiliokolewa. Jiko lilipewa kampuni ya nje, na wapishi wawili wakaondoka. Saa za kazi za Mzee Evaristo zilipunguzwa nusu, na nusu haikumtosha kuishi. Alihamia kwa binti yake kusini kabla baraza halijakutana hata mara moja. Siku ya mwisho alimkabidhi mama kitasa cha stoo alichokuwa amekitengeneza.

"Nimewapangia watu viti maisha yangu yote, Ofelia," alisema. "Ukipata chako, kaa vizuri. Usikae pembeni kama mgeni."

Nayeli alilia siku hiyo kuliko siku ya mkutano.

Asubuhi moja mwishoni mwa Machi, ukungu wa mwisho wa msimu ulishuka. Kwenye kituo cha kambi ya mashambani, mtu mzima alikuwa amesimama na watoto. Alikuwa Mwalimu Lindqvist, ameacha gari lake kando ya barabara.

"Naweza kupanda, Bi Oseguera? Nimefundisha hapa miaka yote hii, na sijawahi kupanda basi hili."

"Karibu, Mwalimu. Kaa hapo na Nayeli."

Relini, mama alisimama, akazima feni, akafungua mlango na dirisha, akainua mkono. Basi likanyamaza. Baridi ikaingia. Mbali sana, kwa sauti nyembamba kama uzi, honi ililia. Walisubiri. Treni ikaja, ikapita mbele yao kwenye weupe ule, behewa baada ya behewa, ikitikisa vioo. Mwalimu Lindqvist alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa nguvu.

Darasani hakufungua kitabu mara moja. Alikiweka kile kifuko cha bluu juu ya dawati la Nayeli, kisha akawageukia wote.

"Nilitaka jambo jema, na bado ni jema," alisema. "Lakini nilisema kwa niaba ya watu ambao sikuwauliza, na nikampa mtoto aubebe uongo wangu. Wengine wamelipa kwa haraka yangu, na mmoja wao hataurudia tena ufagio wake pale koridoni. Kumbukeni hili mkiwa wakubwa, mkiwa na kalamu mkononi: usiandike 'sote' mpaka umewauliza wote. Na wewe uliyepewa uongo usome, hata na mtu unayempenda, una haki ya kunyamaza."

Dariel aliinua mkono. "Mwalimu, na mimi nilimwambia asome," alisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Mwambie yeye."

Dariel alimgeukia Nayeli. Ilimchukua muda, na darasa zima lilimsubiri kwa kimya kile walichojifunza relini.